Kifo Halali cha Bi Kiduka

Nilikwenda Usawiri nikiwa nimejiandaa kutopendezwa. Kwa miaka mingi nilishikilia rai kwamba kitabu kinachopendwa na watu wote duniani lazima kiwe kimepunguzwa kitu fulani ili kiweze kupita katika kila mlango. Riwaya za Zaituni Shekivuli, raia wa nchi hiyo, zilikuwa zimepita katika milango yote. Zilisomwa katika nchi za theluji na katika visiwa ambavyo wenyeji wake hawajapata kuona tanuri la udongo. Zilisomwa magerezani, katika vyumba vya kusubiria madaktari na, kwa mujibu wa gazeti moja, ndani ya manowari. Mimi nilisoma mbili, nikaziona nzuri kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kilichonisumbua. Nilitaka kujua ni kitu gani nilichokosa kukiona, au ni kitu gani wenzangu walichokiongeza.

Usawiri ni nchi ya ukubwa wa wastani, yenye watu wenye adabu na serikali inayopenda kupendwa. Mgeni hachukui muda kugundua kwamba huko hakuna mtu anayetoa maoni juu ya kitabu cha nyumbani kabla hakijatoka nje na kurudi. Ni sheria, na wenyewe wanaiona kuwa sheria ya unyenyekevu. Kitabu kikishachapwa, nakala hupelekwa ng'ambo. Kikirudi na sifa, sifa hizo hupokelewa katika Forodha ya Maoni, jengo zuri lenye nguzo nyeupe, ambako maofisa huzifungua, huzikagua kama hazina kejeli ndani yake, kisha huzigawa kwa wananchi. Tangu hapo kila raia huwa na maoni, nayo huwa thabiti. Kitabu kisiporudi na kitu, huhesabiwa kuwa hakijaandikwa.

Riwaya ya kwanza ya Shekivuli ilikaa katika hali hiyo ya kutoandikwa kwa muda mrefu. Wakati huo alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana. Nakala zake ziliuzwa katika duka la vifaa vya ujenzi la binamu yake, kati ya misumari na rangi, na wateja waliozifungua walifanya hivyo kwa kudhani kwamba zinafundisha upigaji plasta. Mhandisi mmoja wa kigeni alinunua nakala ili ajifunze lugha. Lugha hakuijua sana, lakini kitabu alikimaliza. Akakitafsiri kipande kwa kipande kwa ajili ya mkewe aliyekuwa mgonjwa, na mke alipopata nafuu akakipeleka kwa mchapishaji. Yaliyofuata yanajulikana. Sifa zilipofika forodhani zilikuwa nyingi hata maofisa wakaomba ghala la pili, na wananchi wa Usawiri wakatambua kwamba walikuwa wamempenda Shekivuli tangu utotoni mwao.

Wasomaji wa nje hawakutosheka kusoma. Walikuja. Riwaya zote za Shekivuli hutukia katika mtaa mmoja, Mferejini, mtaa wa kweli alikozaliwa, na kiini chake ni mwanamke mmoja wa kubuni: Bi Kiduka, muoka mikate ya mofa, ambaye humtukana kila mteja na hamnyimi mkate yeyote. Wageni walipofika Mferejini walikuta mtaa wa kawaida wenye kinyozi na karakana ya baiskeli. Bi Kiduka hakuwepo. Wakalalamika. Serikali ya Usawiri haikuwaeleza kwamba riwaya ni riwaya. Iliona aibu kwa niaba ya mtaa. Ikaunda Idara ya Ulinganifu, na kutunga kanuni ambayo imechongwa juu ya mlango wa idara hiyo: Pale ambapo mahali hapalingani na kitabu kilichotambuliwa nje, mahali patarekebishwa.

Kinyozi alihamishwa, kwa kuwa hatajwi. Mtaro uliokuwa umefunikwa ulifunuliwa, kwa kuwa katika riwaya unanuka. Na kwa sababu majalada ya tafsiri zote, bila kujali yaliyomo, yana picha ya mgunga na jua linalotua, idara ilipanda migunga pande zote mbili za mtaa. Inasikitika hadi leo kwamba mtaa umeelekea kusini, na kwamba jua, licha ya barua kadhaa, halijaweza kutua mahali panapostahili.

Kisha akatafutwa Bi Kiduka. Nyumba yenye tanuri ilikuwa moja tu Mferejini, ya Tunu Mkwizu, mkunga mstaafu, ambaye aliirithi kwa mama yake. Idara iliiandikisha nyumba hiyo kwa jina la mhusika, ikamwachia Tunu akae humo kwa sharti kwamba mbele ya wageni awe Bi Kiduka. Hati inasema wazi: nyumba ni ya mhusika, si ya mtu. Tunu alitia sahihi. Aliniambia baadaye kwamba aliona afadhali awe mtu mwingine ndani ya nyumba ya mama yake kuliko kuwa yeye mwenyewe nje ya nyumba hiyo.

Nilimkuta barazani, mwanamke mnene mwenye mikono ya taratibu, mbele yake foleni ya wageni kutoka pembe zote za dunia. Kando alisimama Fikirini Dolwa, mkaguzi wa idara, akiwa amekumbatia riwaya zote kama mtu aliyebeba kuni.

"Wewe mwenye shingo kama bomba la kisima," Tunu alimwambia bwana mmoja mrefu, "umekuja kununua au umekuja kunizibia upepo?"

Bwana yule alitafsiriwa. Uso wake uling'aa.

"Na huyu mkeo, mbona amekonda hivi? Unamlisha barua?"

Mke naye alitafsiriwa, akamshika mumewe mkono. Walipokea mkate wao kama watu wanaopokea cheti.

Nilikuwa tayari kucheka kimoyomoyo, nikazuiwa na mwanamke aliyefuata. Alikuwa mtu wa nchi ya baridi, mzee kidogo. Alitukanwa kwa sababu ya viatu vyake, akapokea mkate, akaenda kukaa pembeni bila kuula. Alimwambia mkalimani wake kwamba shangazi yake alikuwa muuza samaki na alizungumza hivi hivi, na kwamba siku ya mazishi yake watu wote walisema alikuwa mpole, ikawa kana kwamba amezikwa mtu mwingine. Katika riwaya za Shekivuli alikuwa amempata tena. Nilitafuta upuuzi katika maneno hayo, maana kutafuta upuuzi ndiyo kazi yangu. Sikuupata.

Wageni walipopungua, mkaguzi alisogea barazani.

"Bi Tunu, jana ulimwambia mtoto wa mgeni 'pole'."

"Alijikwaa, bwana Dolwa."

"Najua alijikwaa, nilikuwepo. Lakini Bi Kiduka hasemi pole mpaka riwaya ya tatu, na hapo anamwambia punda."

"Basi nilimwona kama punda."

Dolwa alifikiri, kisha akaandika kitu. "Hiyo inakubalika," alisema. Hakuondoka. Alihamisha vitabu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Kuna jambo, mama. Riwaya mpya imekamilika. Wachapishaji wa nje wamepewa muhtasari, na muhtasari umepita forodhani. Bi Kiduka anakufa."

Tunu aliendelea kupangusa sinia. "Anakufa kwa nini?"

"Muhtasari hausemi. Unasema tu anakufa, na kwamba inagusa."

"Na nyumba?"

Mkaguzi alieleza, akiutazama mtaro, kwamba kitabu kikishatambuliwa nje, nyumba itageuzwa kuwa Maskani ya Marehemu. Kwamba kaburi litachimbwa uani, karibu na tanuri. Na kwamba yeye Tunu atalazimika kuondoka Mferejini, maana marehemu hawezi kuonekana akipanga foleni bombani. Ingewachanganya wageni.

"Niende wapi?"

"Kanuni haisemi. Kanuni inahusu mtaa huu tu."

"Wewe Fikirini," alisema Tunu, na sikuweza kutambua ni nani kati ya wanawake wale wawili aliyekuwa akizungumza, "mama yako alipokuzaa nilikuwepo. Ulitoka matako kwanza. Hujageuka mpaka leo."

Dolwa hakuangalia kama maneno hayo yamo kitabuni.

Nilimtembelea Shekivuli siku iliyofuata. Nilitarajia mtu aliyevimba kwa sifa, na nilikuwa nimeandaa maswali ya kumpunguza. Nilimkuta mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akisahihisha majibu ya hesabu ya mtoto wa jirani. Kazi hiyo ameiendeleza, alisema, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo jibu lake halisubiri kwenda nje.

Nilimuuliza kwa nini anapendwa na watu wengi namna hiyo.

"Sijui, bwana. Watu huniambia Bi Kiduka ni bibi yao, ni jirani yao, ni mama mkwe wao. Mtu mmoja aliniandikia kwamba ni mkuu wa jeshi aliyemhudumia zamani. Mimi ulimi ule niliuchukua kwa baba yangu, ambaye alikuwa karani wa posta. Kila mtu ametukanwa na mtu aliyempenda. Labda ni hilo tu."

"Na kwa nini unamuua?"

"Amezeeka. Nimemwandika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikimwacha aendelee kuoka mikate milele kwa kuwa wageni wanampenda, itakuwa ni uongo, na wasomaji wataujua. Hawatausema, lakini wataujua."

"Unazo habari za nyumba ya Bi Tunu?"

Alivua miwani yake. Mkaguzi Dolwa alikuwa amekuja kumweleza, akalia, masikini, kisha akaomba kutiwa sahihi katika nakala zake zote. Tangu hapo mwandishi hakuwa amelala vizuri.

"Lakini sikiliza," alisema. "Waziri mmoja aliwahi kuniomba daraja lake lionekane katika riwaya, hata kwa mbali tu, hata kwenye ukungu. Nikakataa. Meya aliniomba niupunguze mtaro harufu. Nikakataa. Sina kitu kingine, bwana. Sifa si yangu, ni ya forodha. Mtaa si wangu tena, ni wa idara. Kilichobaki ni kwamba sijawahi kuandika neno kwa sababu serikali inalihitaji. Nikimfufua Bi Kiduka leo kwa ajili ya mtu mwema, kesho sitakuwa na la kumwambia mtu wa daraja."

Nilisema kwamba hilo ni sahihi. Alinijibu kwamba anajua ni sahihi, na kwamba usahihi wake haukumsaidia kulala.

Baraza la Ulinganifu lilikaa juma hilo hilo kujadili kifo. Wageni huruhusiwa kuhudhuria, nami nilipata kiti kizuri. Mwenyekiti alikuwa Bi Asteria Lugome, mwanamke mwenye busara ya kutosha kutosema mengi. Mbele yake, juu ya meza, ulilala muswada wa riwaya mpya katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Hakuna mjumbe aliyeusoma. Mjumbe wa Usawiri haruhusiwi kusoma kitabu kabla ya watu wa nje, asije akaunda maoni yasiyo na msingi.

Kamishna wa Wageni alizungumza kwanza. Alisema Bi Kiduka ni tegemeo la hoteli, la wakalimani na la wapanda migunga, na kwamba kumuua ni kosa la kiutawala. Alipendekeza apelekwe nje kwa matibabu, kama ilivyo desturi kwa watu mashuhuri wa Usawiri, na abaki huko akiendelea vizuri.

Alipingwa na Profesa Kichwabuta, mwenye Kiti cha Shekivuli katika chuo kikuu, mtu ambaye ameandika vitabu vingi kumhusu Shekivuli kuliko alivyoandika Shekivuli mwenyewe. Profesa alieleza kwamba kifo hicho hakiepukiki, kwamba kinakamilisha kazi yote, na kwamba bila hicho riwaya ingebaki na jeraha lililo wazi.

"Profesa, wewe umekisoma?" aliuliza Kamishna.

"Swali hilo halina adabu. Nimesoma kile kitakachoandikwa juu yake."

"Kimeshaandikwa?"

"Kwa sehemu kubwa nitakiandika mimi."

Hoja zilikwenda hivyo hadi karibu na chakula cha mchana. Katika muda wote huo jina la Tunu Mkwizu halikutajwa, ingawa mwenyewe alikuwapo, amekaa upande wa kulia, amevaa shingoni kibao kilichoandikwa KIELELEZO. Kwa utaratibu wa baraza, kielelezo hakina haki ya kusema kwa maneno yake. Kikiulizwa, hujibu kwa maneno yaliyomo katika kitabu, na mkaguzi huthibitisha ukurasa.

"Bi Kiduka," alisema Mwenyekiti, nadhani kwa huruma, "una lolote?"

Tunu alisimama. "Mmekaa hapo," alisema, "kama donge lililokosa hamira. Linatazama moto na linadhani litaumuka kwa kutazama."

Dolwa alipekua haraka. "Riwaya ya pili, mheshimiwa. Sura ya harusi."

"Na wewe mwenye miwani miwili," Tunu alimgeukia Profesa, ambaye kweli alikuwa na moja usoni na nyingine kichwani, "unaona mara mbili lakini huoni."

"Riwaya ya nne," alisema Dolwa. "Anamwambia fundi saa."

Wajumbe walifurahi. Baadhi waliandika. Kisha Tunu akasema, kwa sauti tulivu, nadhani ile ile aliyoitumia kwa mtoto aliyejikwaa: "Nataka nisomewe ninavyokufa."

Dolwa alipekua, akapekua tena. "Haimo, mheshimiwa."

Mwenyekiti alimtazama Tunu kwa muda, kisha akamuuliza karani kama kuna kanuni inayokataza kielelezo kusomewa kitabu. Karani alisema hakuna, kwa kuwa haijawahi kutokea mtu akaomba. Lakiri ilivunjwa. Wajumbe walijulishwa kwamba watakayoyasikia hayahesabiwi kuwa wameyasikia. Shekivuli, ambaye alikuwa ameitwa kuhudhuria, akasimama mahali pake, akasoma.

Sura ilikuwa fupi. Bi Kiduka anaamka alfajiri, anakanda unga, anawasha tanuri, anakaa barazani. Jirani yake anakuja na kikapu, mtu yule yule aliyetukanwa katika riwaya zote tano. Anasimama mbele ya baraza na kungoja atukanwe. Hapo Shekivuli alisoma taratibu zaidi: "Alingoja kwa heshima. Alidhani anatafutiwa tusi jipya. Mikate ilianza kunukia nyuma ya nyumba, na yeye bado alingoja, mtu mzima na kikapu chake, kabla hajaelewa kwamba safari hii hataambiwa kitu."

Nimeeleza kwamba riwaya zake niliziona nzuri kwa kiasi. Sina budi kueleza pia kwamba nilizisoma kwa tafsiri. Katika ukumbi ule nilisikia kwa mara ya kwanza namna sentensi zake zinavyotembea katika lugha zilimozaliwa, na kiasi kile nilichokuwa nimekipima nikakiondoa. Kamishna wa Wageni alikuwa ameinamisha kichwa. Profesa alishusha miwani ya kichwani na kuishika mapajani. Sidhani kama kulikuwa na mtu pale ambaye alikuwa amewahi kumsikia mwandishi wao. Walitazamana kwa wasiwasi, kama watu waliopokea kitu ambacho hakijapita forodhani.

"Kielelezo kimeridhika?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mwacheni afe," alisema Tunu. "Afe vile vile, msimguse. Sitaki mtu aishi kwa sababu mimi sina pa kulala."

"Haimo," alisema Dolwa, kwa sauti ndogo. Mwenyekiti akaamuru isiandikwe.

Uamuzi ulitolewa baada ya chakula. Kifo cha Bi Kiduka kilitangazwa kuwa halali. Kitabu kingepelekwa nje kama kilivyo, na siku ambayo kingerudi na sifa, kanuni ingechukua mkondo wake: kaburi, Maskani, na kuondoka kwa mkaaji. Mwenyekiti aliuliza, kwa desturi tu, kama mwandishi ana masahihisho, maana mwandishi anayo haki ya kusahihisha mpaka bahasha itakapofungwa tena.

Nilikuwa karibu na Shekivuli, nikamwona akimtazama Tunu, ambaye alikuwa amevua kibao na kukishika mkononi bila kujua akiweke wapi. Kisha akaomba kalamu. Aliandika chini ya sura ile, mstari mmoja, kwa mwandiko wa mwalimu ambaye amechoka kusahihisha.

"Isomwe," alisema Mwenyekiti.

Karani akaisoma. "Baada ya hapo nyumba ile ilikaliwa na mwanamke mwingine, Tunu Mkwizu, mkunga mstaafu, mtu wa kawaida tu, ambaye hakuwa na jambo lolote la kusimuliwa."

Kamishna wa Wageni aliuliza hii inamaanisha nini kwa Maskani ya Marehemu. Karani alifungua kanuni, akasoma, akaifunga. Alisema inamaanisha kwamba, kitabu kikishatambuliwa nje, Tunu Mkwizu atalazimika kisheria kuishi katika nyumba ile, na kwamba idara itawajibika endapo ataondoka. Profesa Kichwabuta alisema ni mapema mno kuisifu sentensi hiyo, lakini hakukataa kwamba itasifiwa.

Bahasha ikafungwa.

Nilibaki Usawiri mpaka kitabu kiliporudi. Sifa zilikuwa kubwa kupita za vitabu vyote vilivyotangulia. Kaburi lilichimbwa uani, dogo na safi, na wageni walipanga foleni kulipiga picha na kuacha maua, vipande vya mkate na barua za lugha zisizojulikana huko. Dolwa alifika na hati mpya, akamtaka Tunu awe mtu wa kawaida kuanzia siku hiyo. Alikaa barazani mchana kutwa kukagua kama kuna jambo lolote la kusimuliwa. Alimwona akifagia, akipika, akimsalimu jirani na kumuuliza hali ya mguu wake. Akaandika kwamba panalingana, akanywa chai aliyokaribishwa, akaenda zake.

Wageni waliingia uani na kutoka, wakampita Tunu barazani bila kumwangalia. Mmoja alimwomba asogee kidogo, alikuwa anazuia mlango kwenye picha. Alisogea na kumwambia karibu.

Jambo moja halikukosa kutajwa katika sifa zote zilizoletwa forodhani. Wahakiki wa nchi mbalimbali, ambao hawakubaliani juu ya chochote kingine, walikubaliana kwamba sentensi ya mwisho ya sura ya kifo ni mbaya. Inamwingiza mtu ambaye hafanyi lolote, kwa maneno yasiyo na ladha, mahali ambapo msomaji alihitaji kuachwa peke yake na yule jirani na kikapu. Mmoja aliiita doa. Profesa Kichwabuta, baada ya kuzisoma, alitoa mhadhara kuhusu doa hilo.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga Shekivuli. Nikaona uaminifu unanitaka nimwambie kwamba, nikiwa msomaji, nakubaliana na wahakiki. Kwamba sentensi ile ni dhaifu kuliko zote alizopata kuandika. Na kwamba ingemchukua muda mfupi sana kuitengeneza kabla ya chapa ya pili, tena bila kumdhuru Bi Tunu.

"Najua ni mbaya," alisema. "Wameniandikia kutoka nchi tatu, wananipa maneno mazuri ya kuweka."

"Basi kwa nini usiitengeneze?"

Alikuwa akichora mstari mwekundu chini ya jibu la mtoto wa jirani. Aliumaliza kwanza.

"Nikiitengeneza," alisema, "wataanza kumpenda."